Tuta Lililopinda

"Sengi, hili tuta ni la nani?"

Precious aliuliza hivyo akiwa na miaka tisa, mwezi wa kumi mwaka 2017, amechuchumaa kando ya korongo huku ameshika karai tupu. Ng'washi, dada wa baba yake, alikuwa chini ndani ya mtaro uliomfika kiunoni, jasho limemchora mistari kwenye vumbi la uso. Aliinua kichwa, akanyoosha mkono.

"Nipe hilo karai."

Precious akampa. Hilo halikuwa jibu, na wote wawili walijua. Lakini Ng'washi asingeweza kujibu hata angetaka, kwa sababu mwaka ule hapakuwa na mtu kijiji kizima cha Sapiwi mwenye jibu. Ardhi ilikuwa ya kaka yake. Nguvu zilikuwa zake yeye. Na tuta lenyewe lilikuwa bado halijaamua kama litasimama.

Ng'washi alikuwa amerudi nyumbani zaidi ya mwaka mmoja nyuma, akitokea Lingeka, kule Meatu, alikoishi na mumewe miaka kumi na minane. Mume alifariki, ng'ombe wakabaki kwa ukoo wa mume, na yeye akapanda basi na godoro, sufuria mbili na jembe. Mtoto hakuwa naye. Kaka yake Anatoli, baba wa Precious, alimpokea vizuri, hilo lazima lisemwe. Alimchinjia kuku, akampa chumba chenye dirisha, akamwambia hapa ni kwenu. Ila Ng'washi alipoomba kipande cha kulima, Anatoli alijikuna shingo muda mrefu. Mashamba ya juu yalikuwa ya pamba. Ya katikati yalikuwa ya mahindi. Majaruba ya mpunga yaliyo chini bondeni hayakuwatosha hata watoto wake. Kilichobaki ni pale juu kidogo ya majaruba, korongo linapotanuka.

"Pale pana nafasi," alisema Anatoli.

"Kaka, pale hata chura hapangi chumba. Anapita tu."

"Sasa si nimekwambia pana nafasi?"

Na kweli palikuwa na nafasi, kwa sababu hakuna aliyepataka. Kila msimu wa mvua maji yalishuka pale kwa kasi, yakang'oa udongo, yakaacha kokoto na mizizi iliyoning'inia, kisha yakaendelea na safari yake. Mvua ikinyamaza wiki tatu, bonde lilikuwa kavu kana kwamba halijawahi kuona maji. Watu waliona shimo. Lakini Ng'washi alitoka Meatu, ambako maji yanazungumziwa kama ndugu aliyesafiri asiyejulikana atarudi lini, na yeye aliona maji mengi yanapita mlangoni bila mtu kuyakaribisha. Akasema atayazuia kwa tuta.

Tuta la kwanza alilijenga mwezi wa nane, 2016, na lilikuwa zuri kuliko yote yaliyowahi kuonekana pale. Lilinyooka kama ukuta wa kanisa. Lilimfika kifuani. Alilijenga kwa udongo mweusi wa mbuga uliokuwa palepale miguuni, akaupiga kwa mgongo wa jembe hadi ukang'aa. Watu waliotoka kisimani walisimama kulitazama.

Kosa lilikuwa kwenye huo udongo, na ni kosa ambalo mtu wa kwetu yeyote angelifanya, kwa sababu udongo wa mbuga tunauamini. Ndio unaotupa mpunga. Ukiloa unanata hadi unavua mtu buti. Lakini ukikauka unapasuka, na nyufa zake zinaweza kumeza ndala ya mtoto isionekane tena. Precious alishapoteza moja. Tuta la Ng'washi lilikauka miezi mitatu, likapasuka kwa ndani kimya kimya, na nje likaendelea kupendeza. Mvua kubwa ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja ilipokuja, maji wala hayakupanda juu ya tuta. Yalisimama kama nusu saa, yakatafuta nyufa, yakaingia tumboni mwa tuta, yakatokea upande wa pili. Kisha lote likaenda. Likaenda na miche yote ya mpunga iliyokuwa kwenye majaruba ya Anatoli huko chini. Krismasi ya mwaka uliofuata, kwa mara ya kwanza tangu aoe, Anatoli alinunua mchele wa sikukuu dukani.

Maneno yalisemwa. Mayige, jirani mwenye ng'ombe wengi na mdomo mwepesi, alimkuta Ng'washi njiani akamsalimu kwa heshima zote, akimwita mayu, yaani mama, kisha akasema, "Mayu, nasikia umeteka maji kwa chekeche."

Ng'washi alicheka naye. Alipofika chumbani hakucheka.

Jumapili moja baada ya ibada, watu wakiwa bado wamesimama nje ya kigango, Anatoli alimwita dada yake mbele yao. Si mtu wa kelele. Alizungumza kama anayesoma matangazo ya ndoa.

"Nakupa msimu mmoja mwingine. Tuta likisimama, ukavuna mpunga, pale ni kwako, na hawa wote ni mashahidi. Likivunjika tena, panarudi kuwa malisho, na wewe utalima pamba yangu kama wengine, bila maneno."

"Nimekubali."

"Fikiri kwanza."

"Nimefikiri tangu siku lilipovunjika."

Na alikuwa amefikiri kweli. Siku ile tuta lilipokwenda, watu wote walitazama pale lilipobomoka. Ng'washi alitazama kandokando. Maji, kwa nusu saa yale yaliyosimama, yalikuwa yamechora mstari: mabua, majani ya mpamba, kinyesi cha mbuzi, vijiti, vyote vimelala kwenye mteremko wa bonde vikizunguka kama ushanga. Akaelewa kwamba mstari ule ulikuwa maji yenyewe yanamwonyesha usawa wake. Akaupigilia vigingi kabla mbuzi hawajauvuruga. Na mstari haukunyooka hata kidogo. Ulijikunja upande mmoja wenye mawe, ukarudi, ukapinda tena kwenye mkwaju mdogo.

Kwa hiyo tuta la pili lilipinda, kufuata vigingi. Waliotoka kisimani walisimama tena.

"Hili limekunywa nini?" aliuliza mmoja.

"Waache walevi wafanye kazi," alijibu Ng'washi, akaendelea kuchimba.

Safari hii hakujenga kiangazi. Alisubiri manyunyu ya mwezi wa kumi, udongo ulipoanza kulainika na nyufa kufunga, wakati ambao kila mtu alikuwa akikimbizana na mashamba yake na kumwona mvivu. Kwanza alichimba mtaro chini ya mahali tuta litakapokaa, akapita nyufa zote hadi kwenye udongo mgumu wa kijivu, ili tuta liwe na mizizi. Ndani ya mtaro huo ndimo alimokuwa siku Precious alipomuuliza lile swali. Halafu akachanganya udongo: karai mbili za mbuga, karai moja ya kichuguu. Udongo wa kichuguu mchwa wameshaukanda wenyewe, haupasuki ovyo. Akaweka tabaka la shubiri moja, akaenda kwa Mayige asubuhi na mapema.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Mbona mapema hivi?"

"Nataka ng'ombe wako wapite juu ya tuta langu."

Mayige alitazama nyuma yake, kana kwamba kuna mtu mwingine aliyeambiwa. Maisha yake yote alikuwa akifukuzwa kwenye majaruba ya watu. "Mayu, unanikaribisha au unanitega? Kwato mbili tu kwenye jaruba la kaka yako, mwaka juzi, nilitozwa mbuzi."

"Kwenye jaruba kwato zinaharibu. Kwenye tuta bichi zinashindilia. Kule Lingeka nimebeba udongo wa lambo kichwani. Lambo lilivuja kila mahali isipokuwa pale ng'ombe walipokuwa wanapita kwenda kunywa. Pale jembe lilikuwa linagonga kama kwenye saruji."

"Kwa hiyo ng'ombe wangu ni mafundi."

"Mafundi wa kujitolea."

"Fundi anakula."

"Kiangazi watakula nyasi za juu ya tuta. Wao peke yao."

Mayige aliwaza, akatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Ngoja niwaambie."

Wiki tatu mfululizo ng'ombe wa Mayige walipita juu ya tuta asubuhi wakienda kunywa na jioni wakirudi, na kati ya asubuhi na jioni Ng'washi aliongeza udongo, kipande kwa kipande. Mikono ilipasuka akaipaka mafuta ya ng'ombe. Alilala akiwa amekaa. Tuta likapanda, pana chini, jembamba juu, pande zake zimelala kama paa la nyumba, na kila tabaka limesagwa kwa kwato mia na zaidi. Precious alijaribu kuchoma kijiti kikavunjika.

Mwisho kabisa, upande wa mawe, Ng'washi aliacha mahali wazi, upana wa mkokoteni, chini kidogo kuliko tuta lote. Akapanda hapo nyasi, zile zenye mizizi inayoshikana. Anatoli alikuja kukagua, mikono mgongoni.

"Umejenga ukuta, halafu umeacha mlango wazi."

"Ndiyo, kaka."

"Mwizi atapita."

"Ndiye niliyemwachia. Maji yakizidi yatoke hapa taratibu, yasipande juu yakalikata tuta."

Anatoli aliondoka akigeuka nyuma mara mbili.

Mvua zilianza vizuri, kisha zikapotea. Wiki mbili nzima za mwezi wa kumi na mbili mawingu yalipita juu bila hata kutema. Nyuma ya tuta palikuwa na maji ya kufika magotini, na miche ya Ng'washi ilikuwa imeshika, kijani kibichi peke yake bondeni. Watu wengine walitazama mashamba yao na kuhesabu siku. Wakati huo ndipo Anatoli, kwa nia njema kabisa, alipofanya jambo lake. Jumamosi, Ng'washi akiwa mnadani Bariadi, alijaza viroba sita mchanga, akaziba ule mlango. Aliona tone likitoka pale ni dhambi. Hakumwambia mtu.

Jumapili mchana, ibada imeisha, mvua ilinyesha juu vilimani. Sapiwi palikuwa na jua. Ng'washi alikuwa anapepeta mtama aliposikia korongo linanguruma. Alitupa ungo akakimbia. Maji yalikuja ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magogo, na bonde lake likajaa kama ndoo iliyowekwa chini ya bomba. Akatazama upande wa mawe kuona maji yakitoka. Hayakutoka. Yakaendelea kupanda.

Alifika pale anahema, akaona viroba. Anatoli alikuwa ameshafika, amesimama juu ya tuta na watu wanne watano nyuma yake, uso wake umejaa furaha ya mtu aliyeona mbali.

"Unaona?" alisema. "Yangekuwa yameshakwenda ziwani Nassa yote."

"Kaka, toa hivyo viroba."

"Wiki mbili hatujaona mvua, wewe unataka kumwaga?"

"Toa viroba."

"Ng'washi, haya ni maji ya Mungu, yamekuja yenyewe."

Ng'washi alifunga kanga kiunoni, akaingia. Maji yalimfika kwapani, kijiti kikamchana mkono, akashika kiroba cha kwanza akakivuta. Mchanga uliolowa ni mzito kuliko mtu. Hakikutikisika. Akavuta tena. Mayige, aliyekuwa miongoni mwa waliosimama, alichuchumaa akapima kwa vidole kutoka usoni pa maji hadi juu ya tuta.

"Anatoli," alisema, na sauti yake haikuwa na utani. "Vidole vinne."

Anatoli akatazama chini. Kwenye kona moja ya tuta mawimbi madogo yalishaanza kulamba juu, na ulimi mwembamba wa maji ukateleza kwenda upande wa pili, kuelekea majaruba yake. Ng'washi aliona uso wa kaka yake ukibadilika, akajua kwamba hapo ndipo alipoelewa. Anatoli alivua kofia ya kanisani, akampa mtu bila kuangalia ni nani, akaruka ndani ya maji na suruali yake ya Jumapili.

Walivuta pamoja. Kiroba cha kwanza kilitoka, kikafuatwa na cha pili. Cha tatu kilipasuka, mchanga ukakimbia wenyewe. Maji yakaona njia, yakainama juu ya nyasi, yakaanza kutoka mapana na mapole, yakizunguka mawe hadi kwenye mfereji wa kando ya majaruba. Vidole vinne vikabaki vinne kwa muda mrefu sana. Kisha vikawa vitano. Mayige aliendelea kupima na kutangaza kama msoma matokeo, hadi aliposema shubiri, watu wakakaa chini.

Tuta lilikuwa palepale, limepinda, limesimama, limebeba maji kama mama aliyebeba mtoto mzito upande mmoja wa nyonga.

Kaka na dada walikaa kwenye mawe, wanatiririka.

"Nilitaka kukusaidia," alisema Anatoli.

"Najua."

"Nilitaka maji yabaki."

"Si yamebaki, kaka. Tazama."

Msimu ule Ng'washi alivuna magunia kumi na moja mahali ambapo hapakuwahi kutoka hata kibaba. Anatoli alisimama nje ya kigango akasema, "Amevuna. Nilichosema nimekisema." Watu wakapiga makofi. Lakini maneno ya mdomo yana kawaida ya kusinzia. Bonde lile liliendelea kuitwa kwa Anatoli. Anatoli mwenyewe, akikaa na wanaume wenzake, alijisahau akasema tuta langu, na siku akiwa mwangalifu, tuta letu. Vijana wake walikuwa wanakua, wanaoa, wanatazama ardhi kwa macho ya watu wanaotafuta mahali. Ng'washi alilima, akavuna, akatengeneza tuta kila mwaka, na kila mwaka alijua kwamba alichokuwa nacho mkononi ni sentensi moja iliyosemwa Jumapili.

Tuta lakini halikusubiri karatasi ili lifanye kazi. Udongo ambao zamani korongo liliutupa mbali ulianza kutua nyuma yake, tabaka jipya laini kila mwaka, hadi shimo likawa uwanda. Yale makucha ya korongo yaliyokuwa yakitambaa kuelekea mashamba ya pamba yakasimama, yakaota nyasi. Kisima cha chini, kilichokuwa kinakauka mwezi wa sita, kikafika wa tisa, na wanawake waliokuwa wakicheka wakapita kimya na ndoo zao, kisha wakaanza kuja kuuliza. Ng'washi akaenda nao mvua inapokatika, akawaonyesha ushanga wa takataka, wakapiga vigingi. Leo ukisimama juu utaona matuta matano kwenye bonde lile, moja chini ya jingine, yote yamepinda, kila moja kwa namna yake, na mpunga katikati. Bata wa porini wanashuka pale. Hakuna aliyewaalika.

Mwaka 2022 walikuja akina mama kutoka Nassa, kule ziwani, kuja kujifunza. Anatoli aliwapokea akiwa na fimbo ya kuonyeshea, akaeleza vizuri sana kwa robo saa. Kisha mmoja wao, Specioza, akauliza kichuguu walichanganya kiasi gani. Anatoli akakohoa.

"Ng'washi, hebu njoo uwaeleze hawa."

Na Mayige, alipoulizwa nani alichora ramani ya tuta, alijibu bila kupepesa: "Ng'ombe wangu."

Mwezi wa saba mwaka 2024 kijiji kilipimiwa mashamba kwa ajili ya hati za kimila. Walikuja maafisa wawili na vijana wa kushika kifaa, wakitembea mpaka kwa mpaka, kila mwenye shamba amesimama kwake. Walipofika bondeni, afisa mmoja alipanda juu ya tuta na viatu vyake vilivyochongoka, akafungua fomu.

"Eneo hili niandike jina la nani?"

Watu wote wakamtazama Anatoli, kwa mazoea tu. Ng'washi naye alimtazama. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na aliona wazi kwamba jina likiingia la Anatoli, kesho ni la wanawe, na yeye atabaki mgeni kwenye udongo aliouzuia mwenyewe. Anatoli alifungua mdomo. Akaangalia wanawe, akaangalia tuta, akaangalia dada yake, akafunga mdomo. Kisha alirudi hatua mbili nyuma, akavua kofia, akabaki ameishika mbele ya tumbo. Nafasi aliyokuwa amesimama ikabaki wazi.

Ng'washi aliielewa nafasi ile, lakini alikuwa bado kando. Afisa akagonga kalamu kwenye fomu. Precious, aliyekuwa likizo, sasa kidato cha tatu na mrefu kumpita baba yake, ndiye aliyesogea.

"Sengi," aliuliza, "hili tuta ni la nani?"

Ng'washi akapita pale kaka yake alipokuwa amesimama.

"Langu," alisema, akimgeukia afisa. "Andika Ng'washi ng'wana Salu. Na wewe baba, tembea katikati, unanikanyagia ukingo."